Yune kutoa kimono ya mama yake: Claude alikosa, au hakuambiwa tu?

binti_pangani ameuliza:

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Naomba mnisaidie jambo lililoanza na katuni likaishia kuninyima usingizi.

Mimi na binti yangu wa miaka 9 tumemaliza kutazama Ikoku Meiro no Croisée, anime ya mwaka 2011, sehemu 12 tu. Kwa ambao hamjaiona: ni Paris, mwishoni mwa karne ya 19. Mzee Oscar anarudi kutoka Japani na msichana mdogo wa Nagasaki aitwaye Yune, aje aishi na kufanya kazi katika duka lao la mabango ya chuma, ndani ya njia ya maduka iliyoezekwa vioo, Galerie du Roy. Fundi wa duka ni mjukuu wa mzee, Claude. Humo hamna vita wala mapenzi ya kugombaniana. Mtu anainama kusalimia na mwenzake hajui afanye nini. Mtoto anajikaza kumeza jibini kwa sababu kapewa na mwenyeji. Ndiyo mambo makubwa ya humo, na mimi nayapenda kwa sababu nimeyaishi.

Sasa lililonikaa kooni. Mwanzoni kabisa Yune anaharibu bango. Kwake kosa la namna hiyo haliishi kwa kusema samahani, basi anakwenda kutoa kimono yake nzuri kuliko zote anamkabidhi Claude iwe fidia. Claude anaipokea, anaiuza. Hajui kuwa ilikuwa ya mama yake Yune. Anapokuja kujua anaapa kuikomboa, lakini imeshafika kwa Alice, binti wa familia tajiri ya Blanche, ambaye kitu chochote cha Kijapani kikipita mbele yake lazima akipate.

Binti yangu akasimamisha picha hapo. "Mama, mbona Yune hasemi kama nguo ni ya mama yake?" Nikamjibu kwamba ni adabu, ukishatoa umetoa. Akaniangalia. "Sasa Claude angejuaje?"

Sikuwa na jibu. Nilijifanya naenda kuangalia wali jikoni.

Mwaka 2013, nikiwa na miaka 21, nilikwenda Ujerumani kwa mwaka mmoja kukaa na familia na kuwaangalizia watoto wao, wavulana wawili, katika mji mdogo wa kaskazini, si mbali na Bremen. Walikuwa watu wema sana, naliweka hilo mbele msije mkawaelewa vibaya. Siku ya kuondoka Pangani mama alifungua sanduku akanitolea doti moja ya kanga aliyopewa na mama yake. Haijavaliwa hata siku moja, ina harufu ya asumini iliyokauka, na ukingoni ina vile vimaandishi vidogo kuwa imetengenezwa Japani. Kanga nyingi za zamani zilichapwa huko zikaletwa kwetu kwa meli, wakubwa humu mnajua. Jina lake: MWENDA TEZI NA OMO MAREJEO NI NGAMANI. Mama hakunieleza kitu. Aliikunja tu akaniwekea juu ya nguo nyingine ili niione kila nikifungua begi.

Mwezi wa nne kule nilikuwa napiga pasi. Mtoto mdogo akaanguka ngazini, akalia, nikakimbia. Nikarudi nikakuta alama ya pasi, nzima, imechorwa rangi ya kahawia katikati ya kitambaa cha meza cha kitani ambacho bibi wa yule mama mwenyeji alikitarizi mwenyewe. Maua madogo ya buluu pembe zote nne. Yule mama alikishika, akakitazama, akasema haidhuru. Ninyi mnalijua neno haidhuru linavyosemwa mtu akiwa ameumia. Akakikunja akakirudisha kabatini na sikukiona tena mezani.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaiweka doti ya mama mezani, mahali pake anapokunywa kahawa, nikamwambia, "Hii ni yako." Sikusema ya nani wala imetoka wapi. Alifurahi mpaka akanikumbatia.

Wiki mbili baadaye nikakuta mito mipya sebuleni. Alikuwa mshonaji mzuri, kashona kwa mkono wake usiku tukiwa tumelala, pindo zimenyooka. Kaikata kanga. Jina limekatika: mto mmoja umeandikwa MWENDA TEZI NA, wa pili OMO MAREJEO NI, na NGAMANI imeingia ndani ya mshono, inaonekana herufi N na nusu ya G. Akaniambia, "Nimefanya hivi ili kila siku ukikaa hapa uone nyumbani kwenu." Nikasema nzuri sana, asante. Nilikaa katika nyumba ile miezi minane iliyobaki bila kuegemea mito ile hata mara moja, na nadhani hakuna aliyegundua.

Mama yangu yu hai. Kila sikukuu ananiuliza, ile doti mbona siivai? Namwambia naitunza.

Basi maswali yangu. Kwanza, Claude alikosa? Pili, kwa wanaojua historia: hii hadithi ina ukweli wowote? Kulikuwa na Wajapani kama Yune Ulaya wakati ule, au ni ndoto ya mchoraji? Tatu, na hili ndilo linaloniuma: yule mama mwenyeji bado ananitumia kadi kila Krismasi. Niandike? Na nikiandika, niseme nini baada ya miaka yote hii?

---

fundi_wa_gerezani:

Dada, mimi hiyo anime niliitazama kwa ajili ya chuma. Kijana wangu wa dukani alinionyesha kwenye simu akasema bosi kuna fundi mwenzako huku. Mwaka wa 18 huu nipo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, natengeneza mageti na madirisha, kwa hiyo nitakujibu upande wa Claude.

Tazama kwanza bango lenyewe. Wakati ule huna mashine ya kuchomelea kama zetu. Fundi ana tanuri, mvukuto, fuawe, koleo na nyundo. Chuma kinaunganishwa kikiwa chekundu kinakaribia kuwa cheupe, au kwa ribiti, au kwa kukizungushia pete ya chuma inayokaza ikipoa. Ua moja la kwenye bango, lile jani linalojikunja kama mkia wa kinyonga, ukilipiga nyundo moja ya ziada limepasuka, unaanza upya. Sisi leo tunachoma kwa umeme, tunasawazisha kwa grinda, tunapiga rangi, hata kosa likiwepo halionekani. Yeye kosa lake linaning'inia juu ya mlango wa mteja barabarani, watu wote wanaliona. Kwa hiyo bango likiharibika, hasara yake si kilo za chuma. Ni siku zake.

Halafu kuna baba yake, Jean. Naye alikuwa fundi, na alikufa kwa ajali akiwa kazini kwenye lile duka kubwa, Grand Magasin. Claude kila akishika nyundo anajipima na mtu ambaye hayupo. Fundi wa namna hiyo anakuwa mkali kwa vitu. Mimi baba yangu hakufa kazini, lakini alinifundisha kazi akafariki kabla sijawa fundi wa kumwonyesha kitu, na mpaka leo kuna geti moja aliloacha Ilala nikipita naligusa.

Sasa fidia. Wengi humu watasema Claude angekataa ile kimono, yule ni mtoto. Mimi sikubaliani. Mtu mwenye akili timamu akikukosea, akaja na kitu mkononi kukulipa, ukamwambia acha bwana, umemfanyaje? Umemwambia kosa lake ni la mtoto, halihesabiki, na yeye mwenyewe hahesabiki. Yune alikuja Paris kufanya kazi, hakuja kulelewa. Claude kupokea ndiyo mara ya kwanza kumchukulia kama mtu wa dukani. Alipokosea ni kuharakisha kuuza. Kitu cha mtu kikiletwa kama fidia unakiweka rafuni kwanza. Unakaa nacho. Unauliza kwa watu, hii ni nini hasa? Sisi mteja akishindwa kumalizia hela akaacha simu au baiskeli, hatuuzi wiki hiyo hiyo.

Huyo mama wa Kijerumani naye hakukosa kupokea. Na hakuuza, alishona kwa mkono wake. Kwa macho yangu alikulipa ufundi kwa ufundi.

---

mwl_malindi_unguja:

Binti, waalaikum salaam. Nilisomesha historia skuli za sekondari miaka 31, nimestaafu. Wajukuu ndio walionitia katika hizi katuni, na hii ni katika chache nilizotazama mpaka mwisho bila kusinzia.

La historia nitakujibu kwa urefu kidogo, unisamehe.

Japani ilijifungia zaidi ya miaka 200, na Nagasaki, kwao Yune, ndiyo ilikuwa mlango mdogo ulioachwa wazi kwa Waholanzi na Wachina. Mjapani kwenda nje ya nchi kulikuwa na adhabu ya kifo. Ruhusa ya kusafiri kwa masomo na biashara ilitolewa 1866. Mwaka mmoja tu baadaye, 1867, kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia Paris, na Japani ikapeleka watu na bidhaa. Tangu hapo Paris ikashikwa na homa ya vitu vya Kijapani: feni za mkono, vyombo vya kaure, picha za kuchapwa, kimono. Claude Monet alimchora mkewe 1876 amevaa kimono nyekundu. Mwaka 1878, kwa maonyesho mengine, alikuja Hayashi Tadamasa kama mkalimani, akabaki, akawa mfanyabiashara mashuhuri wa sanaa za kwao pale pale Paris. Na kabla ya hapo, 1871, ujumbe wa serikali ya Japani uliokwenda Marekani na Ulaya ulifuatana na wasichana watano wa kusomeshwa Marekani, mdogo wao Tsuda Umeko ana miaka 6. Kwa hiyo msichana wa Kijapani peke yake ughaibuni si ndoto ya mchoraji. Galerie du Roy yenyewe ni ya kubuni, lakini njia za namna ile zilikuwepo na baadhi zipo hadi leo, Passage des Panoramas, Galerie Vivienne. Ile ya Panoramas ilitiwa taa za gesi 1817. Kilichozipunguzia watu ni maduka makubwa kama Le Bon Marché, ambako Aristide Boucicaut tangu 1852 aliweka bei moja iliyoandikwa na kuwaacha watu waingie watazame bila kulazimishwa kununua. Fundi wa Gerezani atafurahi kujua kuwa chuma cha jengo jipya la Le Bon Marché kilihusu kampuni ya Gustave Eiffel.

Sasa njoo kwetu. Meli za Kifaransa zilizotoka Yokohama kwenda Marseille baada ya mfereji wa Suez kufunguliwa 1869 zilikuwa zikitia nanga Aden. Unajua nani mwingine alipita Aden kwenda Marseille miaka miwili tu kabla ya mfereji? Bibi Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Unguja. Aliondoka hapa 1866, akafunga ndoa Aden tarehe 30 Mei 1867 na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, na siku hiyo hiyo wakapanda meli kwenda Ulaya. Hamburg. Miaka mitatu baadaye mumewe aligongwa na tramu akafariki, akabaki mjane na watoto watatu wadogo katika nchi ya watu, baridi, lugha anajifunza ukubwani. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi kwenye Jumba la Makumbusho la Kasri, Forodhani, kwenye chumba chake, na nilikuwa nawataka wasimame kimya dakika moja waifikirie hiyo safari. Na mwishoni mwa karne, 1891 hadi 1895, Amur bin Nasur wa hapa hapa Unguja alikuwa Berlin akisomesha Kiswahili, na habari za aliyoyaona huko akaziandika kwa Kiswahili chake mwenyewe. Wakati Yune wa hadithi anashangaa jibini, watu wetu wa kweli walikuwa wanashangaa theluji si mbali na hapo. Kwa hiyo hii katuni mimi siitazami kama kitu cha Wajapani na Wafaransa peke yao.

Na kuhusu kunyamaza kwake. Binti yako kauliza swali ambalo wahenga walilijibu kwa upande mmoja tu: muungwana akivuliwa nguo huchutama. Yune alichutama. Nawe ulichutama miezi minane. Lakini tizama methali inavyosema: akivuliwa. Ninyi wawili hamkuvuliwa, mlivua wenyewe. Hapo ndipo nami nilipokwama, na nimezunguka uwani mara mbili kabla ya kukuandikia. Mtu aliyevua mwenyewe kumfunika mwenzake, akanyamaza, anamwachia mwenzake deni asilolijua. Claude alipokuja kujua alifadhaika, na haki yake. Alikuwa anadaiwa bila kuambiwa.

---

kilifi_mwenye_maneno:

Nimesoma yote. Mwalimu nakuheshimu, lakini kuna kitu mnakipita haraka.

Hii anime ni nzuri na nimeitazama mara tatu, nasema kwa mapenzi. Lakini Yune ameumbwa mtamu kupita kiasi. Hakasiriki. Akikosewa anaomba msamaha yeye. Na Paris inampenda kwa sababu hiyo hiyo, kwa sababu ni mdogo, anainama, ana nguo za maua. Alice mwanzoni anamtaka Yune kama anavyotaka sahani ya kaure. Hilo ni la kweli kihistoria kuliko wengi wanavyodhani. Katika maonyesho yale yale ya 1867 aliyoyataja mwalimu kulikuwa na nyumba ya chai ya Kijapani, na ndani yake wanawake watatu kutoka Edo, ndiyo Tokyo ya leo. Watu walikuwa wakienda kuwatazama wakimimina chai, wakivuta kiko, wamekaa tu. Kutazamwa ilikuwa ndiyo kazi yao. Mimi nimefanya kazi hoteli za pwani miaka sita, nimevalishwa leso (ndiyo kanga zenu) na kupangwa mlangoni na maua ya kukaribisha wageni, kwa hiyo najua kutabasamu kunavyochosha mashavu.

Kinachoiokoa hii hadithi kwangu ni Shione, dada yake Yune. Ambao hamjafika huko ruka aya hii. Shione alikuwa na macho ya buluu, watu wakamwona wa ajabu, akapoteza uwezo wa kuona, na amefariki. Yune amebeba hilo kifuani na ameacha nyumbani kwao nalo. Ukishalijua, ule upole wake wote unabadilika sura. Haukuwa Ujapani. Ulikuwa msiba. Mtu anayejiona ana hatia hutoa vitu upesi upesi, kimono, chochote, ilimradi asidaiwe tena. Inasikitisha kwamba mchoraji, Takeda Hinata, alifariki 2017 na kitabu kimebaki na juzuu mbili. Nilitaka sana kuona Yune akikasirika siku moja.

Sasa dada wa Pangani, usinichukie. Wewe si Yune. Ulikuwa na miaka 21 na Kijerumani ulikuwa unakisema. Yule mama hakujua kuwa ile ni sentensi. Hakujua! Kwake yalikuwa maua na herufi za kupendeza. Sisi mtu akikupa leso kitu cha kwanza unasoma jina, hata kabla ya kuangalia rangi, kwa sababu kuna leso za kusalimia na kuna leso za kukutukana, na lazima ujue umepewa ipi. Yeye kapewa barua bila kuambiwa ni barua, akaikata vipande akaishona vizuri. Nadhani ukimwandikia usiombe chochote. Mwambie tu imeandikwa nini. Hata kama ingebidi aifumue mito kusoma neno la mwisho, hiyo iwe shauri lake.

---

binti_pangani:

Kilifi, sikuchukii. Nimekusoma mara nne, mara ya nne nikiwa nimekaa kwenye cherehani sishoni kitu (siku hizi nashona mapazia hapa Tanga, Ngamiani). Fundi, hilo la ufundi kwa ufundi limenifanya nilie, kwa sababu ni kweli nilimsikia usiku ule akitembea sebuleni nikadhani anakosa usingizi kwa ajili ya kitambaa chake. Alikuwa anashona. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Mwalimu, habari za Bibi Salme nilizisoma shuleni kama tarehe tu. Jana nimemsimulia binti yangu, akaniuliza kama Bibi Salme na Yune wangeweza kukutana Aden bandarini. Nikamwambia Yune ni wa kuchorwa. Akasema najua, lakini wangeweza?

Nimeanza barua. Nimeomba radhi kwanza kwa kitambaa cha bibi yake, kwa sababu nimegundua sikuwahi kumuuliza bibi yake alikuwa nani wala alikitarizi lini. Mimi niliona kosa langu tu, sikukiona kitambaa. Halafu nimeeleza kanga ya mama na kanga ya bibi. Halafu nikafika kwenye jina, nikakwama. Tezi na omo nimepata. Ngama sipati Kijerumani chake, kila neno ninalolijua linamaanisha chumba cha kuwekea mizigo, na sidhani ni hicho. Siku mbili niko hapo hapo. Kuna mtu wa bahari humu?

---

baharia_wa_mkwaja:

Mwanangu, mimi huingia humu kusoma tu, lakini hili ni langu. Nimesafiri majahazi tangu 1974, Pangani, Mkokotoni, Mombasa, mpaka macho yaliponikataza.

Tezi ni nyuma anakokaa nahodha na usukani. Omo ni mbele kabisa kunakopasua maji. Ngama si chumba cha mizigo. Ni pale chini kabisa katikati, shimo la ndani ya chombo ambako maji yote yanayovuja yanakusanyika. Chombo cha mbao hakikosi kuvuja hata kikitiwa kalafati vipi. Kwa hiyo lazima mtu akae ngamani na ndoo au kata, ateke maji amwage, ateke amwage, usiku kucha kama bahari ni mbaya. Ni giza, ni uvundo, hakuna upepo. Unaweza kujidai unatembea mbele na nyuma, unatazama bara, lakini zamu yako ya ngamani itafika, na ukiikimbia chombo kinazama na wote mliomo.

Kama Wajerumani hawana neno, mchoree.

---

binti_pangani:

Shikamoo mzee. Nimechora. Binti yangu kasaidia, yeye kaweka mtu mwenye ndoo na kamvalisha kimono, nimemwacha. Nimeandika tezi hapa, omo pale, na mshale mpaka chini kwenye ngama, na pembeni nimemwambia kuwa neno hilo liko ndani ya mshono wa mto wa pili, upande wa kulia. Barua imekwenda posta leo asubuhi. Sijaomba kurudishiwa kitu.

Nikitoka posta nikampigia mama Pangani nikamwambia yote, pasi, kitambaa, mito. Nilikuwa nimesimama chini ya mwembe nje ya posta maana miguu ilikuwa haina nguvu. Alinyamaza nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Alishona kwa cherehani au kwa mkono?"

Nikamwambia kwa mkono.

Akauliza kama yule mama ana picha ya hiyo mito, amtumie.